Kutoka Kisumu hadi Baraza la Aswan: Safari ya Kuufuata Mto Nile

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurudi Kisumu, nikiunganisha daftari langu la gharama, picha za simu na kumbukumbu za Shangazi, ambaye hukumbuka bei ya kitu hata kama jina la mji limemtoka. Tulichokuwa tukikifuata ni hoteli ya Old Cataract mjini Aswan, kusini mwa Misri, iliyofunguliwa mwaka 1899 na kampuni ya Kiingereza ya Thomas Cook juu ya mwamba unaoutazama mto Nile. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi mto huo ubaoni bila kuutia machoni. Shangazi ni muuguzi mstaafu wa Hospitali ya Aga Khan ya hapa Kisumu. Sababu yake ya kutaka kufika Aswan nitaieleza mahali pake. Fedha zake zilitoka kwenye zamu yake katika chama cha kuchangiana fedha, zangu kwenye mkopo wa sacco.

Njia fupi ni kupanda ndege Kisumu hadi Nairobi, na Nairobi hadi Cairo. Sisi tulichagua kuanza kwa barabara hadi Jinja na kupandia ndege Entebbe, kwa kuwa niliona si adabu kwenda kuutazama mto huo ugenini kabla ya kuuona unapoanzia, tena saa chache tu kutoka nyumbani.

Jumatatu, 4 Agosti 2025: Kisumu, Busia, Jinja

Shule zilikuwa zimefungwa Ijumaa. Saa moja asubuhi tulikuwa stendi ya Kisumu ndani ya matatu ya Busia, nauli shilingi 500 kila mmoja, lakini tuliondoka karibu saa mbili, maana gari haling'oki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Barabara ni nzuri hadi mpakani. Maseno tulivuka ikweta, na mbele yake tukavuka mto Yala, kisha Nzoia, ambao siku hiyo ulikuwa umejaa na una rangi ya matofali. Nilimweleza Shangazi kwamba mito hiyo, pamoja na Nyando na Sondu, ndiyo inayoyakusanya maji ya magharibi mwa Kenya na kuyamwaga Ziwa Victoria, na kwamba ziwa zima, pamoja na ukubwa wake wote, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja. Kondakta, aliyekuwa akisikiliza, aliuliza kama ni kweli Wamisri wanakunywa maji yetu. Nilimjibu kwamba wanakunywa kidogo sana, na hesabu yake nitaitoa baadaye.

Msururu wa malori yanayosubiri kuvuka ulianza mbali kabla ya mji wa Busia, hivyo matatu ilitushusha pembeni tukamalizia kwa boda boda. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na ukiwa huna mzigo wa biashara unapita kwa muda mfupi. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho, lakini anayeendelea na ndege agonge muhuri kwenye pasipoti, na asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tuliulizwa kadi hiyo hapo, na tukaulizwa tena Misri. Fedha tulibadilisha za kutosha kufika Jinja tu, kwa sababu bei ya mpakani haina huruma.

Upande wa Uganda tulipanda gari dogo la abiria, ambalo kule huitwa teksi, kwa shilingi 30,000 za huko. Kabla ya kufika Iganga gurudumu la nyuma lilipasuka, na la akiba likawa halina upepo. Dereva aliondoka na boda boda kwenda kulijaza, akakaa huko zaidi ya saa moja na nusu. Mama mmoja mwenye duka la kando ya barabara alimwona Shangazi amesimama juani, akatoa kiti chake mwenyewe na maji kwenye bilauri, akaketi yeye juu ya kreti ya soda, wakazungumza kwa Kiswahili cha kubahatisha kuhusu magoti na shinikizo la damu mpaka gari likawa tayari. Alikataa kulipwa hata maji. Tuliingia Jinja giza limeshaanza.

Jumanne, 5 Agosti: Chanzo cha Nile

Mwenye boti alianza na shilingi 150,000 za Uganda, tukapatana kwa 100,000. Mahali penyewe mto unapotokea ziwani hapana kishindo ambacho wengi hukitarajia. Palikuwa na maporomoko, ambayo John Hanning Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa jina la Ripon, lakini bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 maji yalipanda yakayafunika. Leo unaona maji mapana yanayoanza kwenda kwa haraka, ndege wa majini, na sanamu ya Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948.

Kuna msafiri mwingine aliyenivutia zaidi kuliko Speke. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa bado naibu waziri wa makoloni, alipanda treni kutoka Mombasa hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Uganda, akapita hapa Jinja, kisha akaufuata mto hadi Misri. Alipoyaona maporomoko haya alifikiria mara moja umeme unaoweza kupatikana. Njia yetu ilikuwa ni ile ile yake, isipokuwa yeye alikuwa na wapagazi na sisi tulikuwa na begi moja la magurudumu, tena gurudumu moja likiwa limevunjika.

Chakula cha mchana kilikuwa sangara wa kukaanga na matoke. Jioni tulilala mapema.

Jumatano, 6 Agosti: Jinja, Kampala, Entebbe

Tulivuka mto juu ya daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525, ambalo magari hayaruhusiwi kusimama juu yake, kwa hiyo picha zetu zote zina kioo cha dirisha na kidole cha abiria mwenzetu. Namawojolo, baada ya msitu wa Mabira, wachuuzi waliovaa makoti yenye nambari walilizunguka gari wakiwa na kuku wa kuchomwa kwenye vijiti na ndizi zilizochomwa zikiwa bado na joto. Nunua hapo, baada ya hapo hakuna cha maana mpaka ufike mjini. Foleni ya Kampala ilitula sehemu kubwa ya mchana. Tulifika Entebbe jioni na kusubiri ndege ya usiku.

Alhamisi na Ijumaa, 7 na 8 Agosti: Cairo, kisha treni

Wakati wa kiangazi saa ya Misri huwa sawa na ya Kenya, hivyo hatukugusa saa zetu. Visa tulikuwa tumeishughulikia kabla ya kuondoka, na ninamshauri kila Mkenya afanye hivyo badala ya kutegemea bahati ya uwanja wa ndege. Pauni moja ya Misri ilikuwa karibu shilingi 2.70 za Kenya. Cairo tulipumzika, tukala koshari, ambayo ni mchanganyiko wa wali, dengu, tambi na vitunguu vya kukaanga kwa pauni 70 bakuli, na piramidi tukaziacha kwa siku ya kurudi.

Kuhusu treni, hakikisha kituo kabla ya kuondoka hotelini, kwa kuwa treni za kusini zinaweza kuanzia Ramses, Giza au kituo kipya cha Bashtil, na baina ya kituo na kituo kuna foleni ya kukutoa jasho. Mgeni hulipa kwa dola. Daraja la kwanza lilitugharimu dola 35 hivi kila mmoja. Tuliondoka Ijumaa usiku, na kutoka hapo ni karibu kilomita 880. Kiyoyozi kilifanya kazi kupita kiasi. Shangazi, aliyekuwa amebeba leso mbili kwa ajili ya jua, alizitumia zote kwa baridi, na familia iliyokaa upande wa pili wa ujia ilipomwona anatetemeka ikampa blanketi la mtoto wao. Asubuhi familia hiyo hiyo ilitutandikia gazeti juu ya magoti na kutugawia mkate wa duara, jibini la chumvi na matango, baba akisisitiza kwa ishara kwamba tusipokula naye hatakula.

Jumamosi, 9 Agosti: Aswan

Kulipopambazuka tuliona kile nilichokuwa nikikichora ubaoni: utepe wa kijani wa miwa na mitende, na papo hapo jangwa. Hakuna mpito. Treni ilisimama mara kwa mara bila maelezo, na tulifika Aswan ikiwa imechelewa karibu saa nne. Joto la mchana lilikuwa nyuzi 42. Agosti ni mwezi wa joto kali, ndiyo maana watalii ni wachache na bei za hoteli hushuka sana. Chumba chetu cha watu wawili, pamoja na kifungua kinywa, kilikuwa dola 235, yaani zaidi kidogo ya shilingi 30,000. Wakati wa baridi bei hiyo hupanda sana.

Teksi kutoka kituoni, Peugeot nzee iliyofungwa mlango kwa waya, ilitupitisha kando ya mto hadi kwenye lango la hoteli upande wa kusini wa mji. Mlinzi alimsalimu Shangazi kwa Kiarabu na kuendelea kuzungumza naye kwa kirefu, akidhani ni Mnubi wa pale pale aliyekuja kumtembelea mtu. Jambo hilo lilitupata kila mahali Aswan. Wenye mashua waliwaita Wazungu na kutuacha sisi tupite kwa amani, na wauza matunda walitutajia bei ya wenyeji mpaka tulipofungua midomo. Niliona hata kwenye kisa hicho kuna jiografia: mababu wa Wajaluo walitoka kusini mwa Sudan wakiufuata mto huu huu, wao wakielekea juu.

Ndani ya ukumbi tulikaribishwa kwa vitambaa baridi vya kujifutia uso na bilauri za karkade, kinywaji chekundu cha maua yaliyokaushwa ambacho Aswan wanakijua kuliko mtu yeyote. Jengo ni la rangi ya udongo mwekundu, lenye vizuizi vya madirisha vya mbao, korido ndefu na dari za juu zilizojengwa kabla ya kiyoyozi, ili hewa ya moto ipande iwaache watu chini. Liliwahi kufungwa kwa matengenezo mwaka 2008 na kufunguliwa tena 2011. Chumba chetu kilitazama bustani, kwa sababu vinavyotazama mto vina bei yake. Shangazi hakuangalia dirisha kwanza. Alikwenda kitandani, akavuta pembe ya shuka, akaichunguza ilivyokunjwa na kubanwa chini ya godoro, akaipiga kwa kiganja, kisha akasema, "Mwanangu, huyu aliyetandika amefundishwa. Hapa tutalala." Wauguzi wa rika lake walifanyiwa mtihani wa pembe hizo.

Ushauri wangu kwa atakayekuja na fedha za kuhesabu ni huu: chukua chumba cha bei ya chini kabisa, na saa zako zote zipeleke barazani. Baraza ndiyo hoteli. Iko upande wa magharibi, juu ya mto, na asiye mgeni wa hoteli anaweza kuruhusiwa kuketi kwa sharti la kutumia kiasi fulani cha chini, lakini viti vya ukingoni huenda kwa wenye vyumba. Tuliketi saa kumi na moja. Karkade mbili na kipande kimoja cha keki vilikuwa karibu pauni 900, fedha ambazo Jinja zingelipa kitanda, na Shangazi alikata keki ile vipande vyembamba ili idumu mpaka machweo.

Chini yetu mto unagawanyika kati ya visiwa na mawe. Hapa ndipo maporomoko ya kwanza ya Nile yanapoishia, na ndiyo yaliyoipa hoteli jina. Kwa kweli ni msambao wa itale, mawe makubwa meusi yaliyolainishwa na maji, yamelundikana kama Kit Mikayi, lile rundo la mawe la karibu na Kisumu, lililoangushwa mtoni. Mbele yake kuna kisiwa cha Elephantine na magofu yake. Mashua za tanga zilikuwa zikipanda kusini kwa upepo unaotoka kaskazini, kisha zikishusha tanga na kurudishwa na mkondo. Utaratibu huo wa upepo na mkondo ndio uliowawezesha Wamisri wa kale kuufanya mto huu barabara ya kwenda na kurudi.

Ng'ambo ya pili, juu ya kilima cha mchanga, kuna jengo lenye kuba, peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya Shangazi. Amezikwa hapo Aga Khan wa tatu, imamu wa Waismailia, aliyefariki mwaka 1957, ambaye alipenda kukaa Aswan wakati wa baridi. Mjane wake aliweka waridi jekundu juu ya kaburi kila siku, na alipokuwa hayupo mtunza bustani alifanya kwa niaba yake, mpaka mjane huyo naye alipofariki mwaka 2000. Mjukuu wa Aga Khan huyo, Aga Khan wa nne, alifariki Lisbon Februari 2025 akaletwa kuzikwa Aswan vilevile. Shangazi si Muislamu wala si Muismailia. Alifanya kazi chini ya picha za watu hao, ukutani mwa wodi, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mshahara wa pale ndio uliotusomesha baadhi yetu. Alitaka kuona walipolala. Kuba lenyewe watalii hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo baraza la hoteli ni mojawapo ya mahali pazuri pa kulitazama, na jua hushuka nyuma ya kilima hicho hicho. Alisimama, akafunga leso vizuri, akakaa kimya kwa muda, kisha akaketi na kuuliza kama keki imebaki.

Nikiwa pale nilipata jambo ambalo ubaoni sikuwahi kuliunganisha. Ujenzi wa bwawa la kwanza la Aswan ulianza mwaka 1898. Hoteli ilifunguliwa 1899. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali walipopaita Port Florence na sasa ni Kisumu, Desemba 1901. Bwawa lilizinduliwa Desemba 1902, na mwaka huo ndio uliokipa jina chumba cha kulia cha hoteli, kiitwacho 1902. Si sadfa. Waingereza walikwisha kuishika Misri, na aliyeishika Misri aliogopa mtu mwingine asiushike mto kutoka juu. Reli yetu, kwa sehemu, ilijengwa kwa hofu hiyo. Mwaka 1929 wakaandikiana na Misri makubaliano yaliyozuia kazi yoyote kubwa ya maji katika makoloni yao ya juu, Kenya ikiwemo, bila Misri kukubali. Kwa maneno mengine, Kisumu na hoteli hii ni wa rika moja na wana baba mmoja, ila mmoja alipewa baraza na mwingine akapewa gati.

Mhudumu wetu, kijana Mnubi, alipojua tunatoka Kisumu aliwaita wenzake wawili waje kutuona. Aliniuliza kama kweli maji yale ni yetu. Nikamweleza hesabu niliyomwahidi kondakta: asilimia 85 hivi ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na yale ya maziwa yetu hupoteza karibu nusu yake kwa mvuke katika mabwawa ya matete ya Sudd, Sudan Kusini. Shangazi alisikiliza, akatazama mto. "Kwa hiyo chetu hapa ni kidogo," akasema. Nikakubali. "Basi hicho kidogo kimefika mbali." Kijana alicheka, akaongeza maji kwenye bilauri zetu bila kuyatia kwenye hesabu. Yeye mwenyewe alikulia karibu na Kom Ombo, kwa sababu kijiji cha babu yake kiko chini ya ziwa. Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa mwaka 1963 na 1964 kupisha bwawa kubwa, la pili la Aswan, na ziwa lake. Alilisema hilo bila kubadilisha sauti huku akipangusa meza.

Jua lilizama karibu saa moja na nusu, na mwezi ukachomoza nyuma yetu, mpevu kabisa, upande wa mji. Tulitoka kwenda kula nje, kwa kuwa bei za chumba cha 1902 hatukuziweza. Msimamizi alituruhusu tu kukiingia kabla ya wageni ili tuone kuba na matao yake ya mistari myekundu na myeupe. Kando ya mto tulipata mkahawa wa samaki, pauni 280 kwa mtu. Walileta bulti, aliyechomwa mzima, amepakwa vitunguu saumu na bizari. Shangazi alimgeuza, akainua pezi la mgongo kwa uma na kumtazama mkiani penye mistari. "Huyu ni ngege," akamwambia mpishi kwa Kiswahili, na alikuwa sahihi kabisa: bulti ni tilapia, ambaye kwetu huitwa ngege. Aliona tu kwamba wamemchoma sana, na kwamba hapo hapana ugali.

Jumapili, 10 Agosti: Asubuhi barazani, kisha Elephantine

Kifungua kinywa kilikuwa kirefu, na nawashauri watakaofuata njia yetu wakifanye kiwe pia chakula cha mchana. Kulikuwa na ful, maharage yanayopikwa taratibu usiku kucha na kutiwa mafuta na ndimu, ambayo ilimshinda Shangazi kwa utamu hata akarudi mara ya pili. Baada ya hapo tulikaa tena ukingoni mpaka saa ya kukabidhi funguo. Nilifikiria kwamba zamani, mwezi kama huu, hakuna mgeni angekuwepo: hoteli ilikuwa ya msimu wa baridi, na Agosti mto ulikuwa ukifurika kwa maji ya Ethiopia yenye tope, ukiyafunika mengi ya mawe tuliyokuwa tukiyatazama. Tangu bwawa kubwa likamilike mwaka 1970 mafuriko hayo hayafiki tena.

Mwenye mashua alikubali pauni 500 kwa safari ya kuzunguka visiwa. Alitaka kujua kama kuna Wanubi Kenya, nikamweleza kuhusu Kibra, jijini Nairobi, ambako waliwekwa askari waliotoka Sudan na jeshi la Mwingereza. Alitushusha Elephantine kwenye kipimo cha mto, ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini zikiwa na alama ukutani. Kwa kipimo hicho watawala walijua mafuriko yatakuwa makubwa kiasi gani, na kwa hiyo mavuno, na kwa hiyo kodi. Shangazi alisema serikali ni serikali popote.

Usiku huo tulilala kisiwani katika nyumba ya wageni ya familia ya Kinubi, pauni 1,200 kwa chumba, kuta za buluu, kitanda kizuri. Kivuko cha kwenda mjini ni pauni chache, na wanawake huketi mbele, wanaume nyuma.

Jumatatu, 11 Agosti: Bwawa kubwa

Tulikodi teksi kwa nusu siku. Bwawa lenyewe, mita 111 kwenda juu na mita 3,830 kwa urefu, ukiwa juu yake linaonekana kama barabara pana tu, na kwa maoni yangu halimfai asiyependa takwimu. Mnara wa itale ambao haukumalizika, ungali umelala machimboni baada ya kupasuka ukiwa bado unachongwa, unafaa zaidi. Una urefu wa mita 42 hivi. Makumbusho ya Nubia, yaliyo jirani na hoteli, yana kiyoyozi na vijiji vilivyozama vikielezwa kwa picha, nasi tulikaa humo mpaka joto lilipopungua.

Jumanne, 12 Agosti na kuendelea: Kurudi

Treni ya kurudi haikuchelewa. Piramidi tuliziona kwa saa mbili, kisha ndege, kisha Entebbe alfajiri, kisha barabara ile ile, na Busia tukapita upesi kuliko mwanzo. Kwa jumla kila mmoja wetu alitumia karibu shilingi 160,000, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ndege ya Entebbe na Cairo. Usiku wa hotelini, ukigawanya chumba kwa watu wawili, haukufika moja ya kumi ya fedha zote. Anayetaka kupunguza asiondoe usiku huo. Aondoe teksi za Cairo.

Jumapili iliyofuata Shangazi alitoa taarifa kwenye chama, akaonyesha picha za kuba, za shuka na za ngege, kwa mpangilio huo. Wenzake waliuliza bei ya kila kitu, wakauliza zaidi kuhusu kitanda. Sasa wamefungua mchango mpya, na mimi nimepewa kazi ya kutafuta bei za Januari, hali ya hewa ikiwa ya baridi, kwa vyumba vinavyotazama mto.